Neno la Manjano

Kwenye skrini nyeusi lilikuwa likiwaka:
DIRISHA,
herufi saba, manjano ya bizari.
Nililiandika mwenyewe saa sita za usiku,
ghorofani Ganjoni, juu ya duka la betri,
feni ikikata joto vipande visivyopungua.

Asubuhi nikachapisha. Karatasi nyeupe
ikalimeza neno,
kama adhuhuri imezavyo taa ya barazani
iliyosahauliwa kuzimwa.
Mistari ilibaki. Mistari bila neno
kila mtu huisoma apendavyo.
Fundi Nyawa akasoma ukuta, akajenga ukuta.
Matofali hayana desturi ya kuuliza.

Jumatatu simu ikalia, Bi Tima Shee, wa Kuze:
"Mwanangu, nilikuomba upepo jikoni.
Nakaanga samaki na taa mchana.
Uliandika, au ulinuia tu?"

Nikafungua mchoro. Tabaka zima la maandishi
nikalipa rangi namba saba, ile yenye adabu:
gizani nyeupe, kwenye karatasi nyeusi,
hujua imekaa wapi.
CHOO kikatii. STOO ikatii. Hata VERANDA.
DIRISHA likakaa vile vile, manjano,
kama mgeni wa harusi aliyekuja na sahani yake.

Ndipo nikakumbuka.
Usiku ule nililipaka peke yake, kwa mkono,
nikalitoa kwenye rangi ya wenzake
kwa kuwa nilipenda linavyong'aa.
Nililolipendelea ndilo nililolipoteza.

Nikalibonyeza. Kwenye kisanduku cha rangi
nikachagua: *kama tabaka*.
Likafifia kidogo, likaingia safuni.
Sikuona raha.

Jumanne nimesimama Kuze na karatasi mpya,
wino haujakauka sawasawa, kidole kimechafuka.
Nyawa akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
di, ri, sha,
akanitazama muda mrefu kuliko neno lenyewe,
akainua nyundo.

Tofali la tatu lilipoanguka
harufu ya viazi vya karai vya jirani
iliingia kabla ya mwanga.
Bi Tima hakushukuru.
Alifuta vumbi kwenye mbuzi ya nazi,
akahesabu vipande sakafuni, akauliza
haya manane analipa nani.

Nikatoa pochi.