Kwa Awamu

Pale Kitangari, dirishani kwa ghala la chama chetu,
ndipo mtandao unaposimama wima.
Hapo huiweka simu yangu kila asubuhi,
juu ya gunia, pembeni ya mzani,
kama mtu anayeanika makopa:
naiacha, naondoka, narudi kuigeuza.

Toleo jipya lilitangazwa Agosti.
Septemba Likwata wa duka la pembejeo akalipata,
simu yake ya bei, ya mwaka jana tu.
Akanionyesha saa iliyohamia kushoto
na rangi zinazofuata picha ya mwanawe.
Yangu ni tumbo moja na yake, kiwanda kimoja,
ila niliinunua laki mbili na ishirini.
Ikaniambia: Kifaa chako kina toleo jipya kabisa.
Nikabonyeza tena. Jipya kabisa.
Nikabonyeza hadi kidole kikaona haya.

"Wenye mfumo humkabidhi mwenye kiwanda," Likwata akanieleza,
"naye huukata, huushona kwa kimo cha kila simu,
huanza na mtoto anayempenda.
Wengine mnapata kwa awamu."

Awamu naijua.
Salfa ilikuja kwa awamu:
ya kwanza ikaishia herufi ya K,
ya pili ikafika ubwiriunga umekwisha kula maua.
Mimi ni Somoe Nachihangu.
Nimezaliwa awamu ya pili.

Bi Akwinata Mkundi, akingoja gunia lake lipimwe,
akachungulia kioo.
"Kwani hiyo simu nayo ina msimu?"

Ina, mama. Mara moja kwa mwaka,
mikorosho ikianza kudondosha.

"Na mpaka izeeke, misimu mingapi?"

Mkorosho ulio nyuma ya jiko lake
ulipandwa na mkwewe kabla ya Uhuru, na bado anauokotea.
Simu yangu iliahidiwa matoleo mawili.
Moja nililitumia kabla sijajua kuwa yanahesabiwa.

"Mawili," akarudia,
kwa sauti ile ya mkulima asiyeuamini mzani.

Likaja Novemba, tarehe kumi na tisa, saa nane usiku.
Giga mbili na ushee.
Bando la usiku linakufa saa kumi na moja.
Chaji arobaini na nne; lenyewe linataka hamsini.
Umeme ulikatika tangu magharibi,
sisi, mkoa wa gesi.
Nikavaa kanga juu ya kanga, nikaenda ghalani kwenye sola.
Mchopa, mlinzi, akauliza kama kuna mgonjwa.
Nikamwambia yupo, anaongezwa damu.

Kumi na mbili.
Thelathini na moja.
Thelathini na moja.
Thelathini na moja.
Mchopa akasinzia, akaamka, akauliza, "Anaendeleaje?"
Tisini.
Mia.
Ikazima.

Kioo cheusi, na ndani yake uso wangu wa saa kumi usiku.
Hapo ndipo nikakumbuka
kwamba orodha sikuihamisha popote:
wakulima mia mbili na sita,
kilo zao, namba zao za malipo,
msimu wao mzima.
Nimebeba jasho la watu mfukoni
na nimekesha kuliombea mapambo.

Sijui nilisoma nini. Nilisoma kila ninachokijua.

Ikawaka.
Ikahesabu programu moja moja, themanini na nane,
taratibu, kama karani mpya anayeogopa kukosea.
Nikafungua. Wapo.
Akwinata yupo, kilo sabini na tatu na nusu.
Saa imehamia kushoto.
Chini kukawa na ujumbe mdogo wa shukrani,
hauniambii kuwa ndilo la mwisho,
na mimi sikuuliza.

Kulipokucha nikanunua kaunta buku,
nikakaa dirishani, nikachonga penseli,
nikanakili majina yote kwa mkono,
kuanzia Z, kurudi nyuma.