Mwiko wa Shangazi Nsimire

Saa mbili asubuhi nafungua labo.
Kisanduku cha chuma, kipande cha beto,
na juu yake kilo moja na nusu ya udongo wa Funu
nilioukwangua mwenyewe nyuma ya jiko la shangazi,
mwekundu, mzito, bado una mzizi wa muhogo ndani.
Nautoa mzizi. Naandika: sampuli ya saba.

Mashine haina hasira.
Inasukuma kulia milimita tatu, inarudi kushoto tatu,
kulia, kushoto,
kama yaya anayebembeleza mtoto asiye wake.

Msukumo wa kwanza udongo unakataa.
Unaishika beto kwa meno, sindano inapanda,
nami, mwaka wa kumi na moja katika kazi hii,
bado nauambia kimoyomoyo: shika, ndugu yangu.

Wa kumi, unashika.
Wa hamsini, sindano haifiki ilipofika mwanzo.
Hapa hakuna kilichovunjika. Hakuna mlio, hakuna ufa.
Ni chembe tu zinalala ubavu,
zinasogeleana kama waumini kwenye benchi
wakimpisha aliyechelewa misa,
na kwa kubanana huko
zinaiachia beto nafasi ya unywele.

Wa mia mbili, zinateleza.

Nina vipande viwili.
Kimoja nilikikwaruza kwa msumari kabla hakijakauka:
hicho kimepungukiwa, lakini kingali kinashikwa.
Kingine nilikipitishia mwiko mpaka kikang'aa.
Hicho udongo umekisahau kabisa.

Na mimi najua ni ukuta gani uliong'arishwa.

Mjomba Cirhuza, masoni wa Kabare, Mungu amlaze,
aliposimamisha ukuta nyuma ya jiko
kuzuia mlima usiingie kwenye sufuria,
alilainisha pande zote mbili.
Hata ule wa nyuma, utakaofukiwa.
Vijana wa kumpa mchanga wakacheka.
Akasema: palipo giza Mungu haoni?
Shangazi hulisimulia jambo hilo kila msiba,
kila ubatizo, na mkono kifuani,
maana huo ndio ushahidi alioachiwa
kwamba aliolewa na mtu mwaminifu.

Tangu siku ile malori ya bia yamepanda njia ya juu
mara ngapi? Na matetemeko,
yale makubwa yanayotoa watu nje na shuka,
yale madogo yanayogonganisha vikombe tu,
na mvua inayouvimbisha udongo,
na Julai inayoukausha ukanywea.
Kulia, kushoto. Hakuna anayehesabu.

Jumapili nikashuka na karatasi zangu mfukoni.
Nilijipanga kusema mambo ya mifereji, ya mawe,
ya kuhamisha kitanda upande wa barabara.
Kila kitu isipokuwa ule ulaini.
Nikala. Nikasifu sambaza. Nikakohoa.

Akainuka, akanawa, akachukua mwiko wa bugali,
si ule wa kupikia, mwingine, wa zamani, mweusi,
uliokuwa ukining'inia peke yake msumarini.
Akanipeleka nyuma.
Akautumbukiza mpini kati ya ukuta na mlima,
ukazama taratibu, bila kukwama,
akautoa na kunionyesha alama za kisu:
hii ya mwaka wa tetemeko,
hii ya mvua iliyochukua nyumba ya kina Lwaboshi,
hii ya Pasaka.
Kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa bado nyeupe.

"Na mashine yako," akasema,
"yenyewe imefika ngapi?"

Nikazigusa karatasi zangu. Saba.
Hakucheka. Aliupitisha mkono kwenye kichwa cha ukuta,
pale palipolainishwa, akaendelea hadi upande wa nyuma
vidole vilipoweza kufika,
polepole, kama mtu anayefunika aliyelala.

"Jumanne," akasema, "njoo na watu wa kubeba kitanda."