Kibaba

Saa nane usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita.
Nimekaa juu ya mbuzi ya nazi, ulimi wake umekunjwa,
kwa sababu ni fupi, haina egemeo.
Nikiegemea nalala, na nikilala
kikombe kinalala nami.

Nimenawa mpaka viwikoni. Nimechemsha kikombe, nimechemsha kijiko.
Vidole nyuma ya weusi wa titi, sukuma kifuani,
bana, achia. Bana, achia.
Usivute, mama, alinionya Sista Nakijwa,
hii si ngozi ya ngoma.

Tui nimekamua tangu nina miaka saba.
Nazi iliyokomaa naijua kwa kuitikisa sikioni,
najua tui la kwanza, najua tui la pili,
najua chicha inapokuwa haina tena la kusema.
Hili la kujikamua mwenyewe sikulijua.

Tone.

La pili linaning'inia kwenye chuchu
kama mgeni mlangoni
anayeaga, anaaga, na haondoki.

Mwanangu yuko Bombo, chumba cha watoto njiti,
gramu elfu moja na mia tatu na kumi.
Mwenye duka hapa kona
hunipimia sukari nzito kuliko yeye.
Jina hana bado. Mkononi kuna plasta:
Mtoto wa Mwanakheri.
Vitanda vya kina mama vilijaa, nikaruhusiwa,
nikarudi na beseni, na kanga za uzazi,
na matiti yanayouliza kila baada ya saa tatu: yuko wapi?

Siku ya pili ilitoka dang'a,
manjano kama samli, ya kujaza kifuniko cha dawa.
Wifi akanyoosha mkono aimwage:
uchafu huo, umelala humo miezi tisa.
Mama akamshika kiganja.
Kamwage vyako, alisema. Hii iache.

Tangu hapo kila mtu ana dawa.
Supu ya pweza. Uji wa mtama wenye pilipili manga.
Shangazi wa Pongwe katuma kuku, na maneno mengi juu ya kuku.
Wifi, kwa kujuta, kaleta karanga kibakuli kizima.
Nimekula vyote. Nimejaa mimi, kikombe hakijajaa.
Haba na haba, wananiambia, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba chenyewe ni kikubwa kiasi gani.
Changu kina mstari mwekundu: mililita tano.

Mbaruku husubiri uani na baiskeli.
Chupa tunaifunga kwa kitambaa cheusi,
na si kwa ajili ya vumbi tu;
maziwa nayo yana wanaoyatazama.
Mtu aliyekwenda mbio tangu utoto,
sasa anaendesha kama aliyebeba mayai ya kuazima.

Juzi alianguka pale relini.
Alirudi goti linavuja, chupa tupu,
akasimama mlangoni asiingie.
Hakusema yamemwagika.
Alisema, nimemwaga.

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa tayari mdomoni,
makali, ya usiku wa tisa bila usingizi.
Akatoa mfukoni kofia ya mtoto, ya kufua,
ndogo kama kifuko cha kubania limau,
akanipa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kunipa.

Niliinusa.
Dawa ya hospitali, jasho,
na chini yake kitu kisicho na jina, kama yeye.
Kanga ikalowa kabla sijashika kikombe.
Mstari mwekundu ukafunikwa, na mwingine juu yake,
na Mbaruku amepiga magoti, goti bovu na zima,
ananishikia chupa kwa mikono miwili
wala hatuzungumzi.

Safari hii aliikokota baiskeli.
Nilisikia mnyororo ukilia hadi Barabara ya Kumi na Nne,
kisha sikusikia.
Titi la kushoto liliendelea lenyewe,
tone, tone, kwenye sakafu ya saruji,
nami sikulizuia.