Buti Namba Thelathini na Saba

Miaka mitatu nilivaa buti la mtu mwingine,
namba arubaini na mbili, KARISA limeandikwa kwa rangi nyeupe.
Nililijaza matambara puani, nikatembea kama bata
katika majaruba ya Gongoni,
chumvi ikikijua kidonda changu kabla yangu.

Siku hizo ungeniuliza habari za usalama
ningekuonyesha ubao wa langoni: USALAMA KWANZA,
na chini yake mbuzi wa mlinzi akijikuna.

Niliona kifuniko cha mkanda kilipolegea.
Niliona skrubu mbili hazipo, ya tatu inacheka.
Nikanyamaza.
Usiku ule mtoto alikuwa na homa, sikufumba jicho,
na kibarua hulipwa kwa toroli, halipwi kwa maneno.
Mwenye njaa ya usingizi hana ulimi wa akiba.
Jefwa alimwachia mkanda vidole viwili.
Chumvi ya siku hiyo ilimwagwa, magunia sita.
Vidole sijui.

Kisha akaletwa Nyevu, nyapara mpya.
Hakuja na hotuba. Alikuja na futi ya fundi cherehani,
akachuchumaa matopeni, akatupima miguu mmoja mmoja,
akaandika: Mbodze, thelathini na saba.
Wenzangu walicheka. Mimi nilitazama utosi wake,
kitu kikanikaa kooni.

Mwezi wa pili mabuti yakafika.
Na pipa la maji matamu. Na banda la makuti.
Zamu ya usiku ikakatwa saa mbili.
Na daftari: ukisema jambo analiandika mbele yako,
Jumatatu anakusomea limefika wapi.
Mara nyingine halijafika popote.
Anasoma hivyo hivyo.

Sikujua kwamba ujasiri una namba yake.
Nilidhani mtu huzaliwa nao,
kama shangazi yangu alivyozaliwa na sauti ya kufukuza ngedere.

Alhamisi iliyopita skrubu ikacheka tena.
Nilikuwa nimelala masaa saba kamili,
mguu umejaa ndani ya buti lake.
Nikabonyeza kitufe chekundu.

Sijawahi kusikia kimya kizito vile.
Dakika arubaini. Meneja akashuka
na uso kama bili ya stima:
"Nani kasimamisha?"
"Mimi."
Nyuma yangu Nyevu hakutia neno.
Nilisikia tu daftari likifunguliwa.

Fundi akakaza, mkanda ukaanza kulia upya.
Jefwa, ambaye siku hizi anahesabu magunia langoni,
aliniinulia mkono, ule wa vidole vitatu.
Hadi leo sijui kama alinishukuru
au aliniuliza mwaka ule nilikuwa wapi.

Asubuhi hii kaja kijana mpya, Tsofa, mwingi wa haya,
anaburuta miguu, buti linapwaya.
Nimemwambia avue.
"Hebu kaa hapo kwanza," nimesema,
nami nikapaza sauti hadi ng'ambo ya jaruba:
"Nyevu! Futi iko wapi?"