Shamba la Josop Klaase

Ukija, njoo na jua mgongoni.
Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wageni
kabla hata ya bei ya mkate.
Gousblom hutazama jua, halitazami mtu;
ukilijia kwa upande usio wake litakupa kisogo
kama karani wa posta saa saba kasorobo.

Na usije asubuhi.
Saa nne kila ua bado ni mwavuli uliokunjwa,
baridi ya bahari haijatoka mchangani.
Wingu likipita, shamba zima hufunga duka.
Nimeona mabasi mawili ya Keptauni
yakingoja kiwingu kimoja kiondoke,
watu sitini na kamera zao,
na mimi na mikate yangu juu ya makaa,
wote tumeinua shingo kama kuku wanywao maji.

Kisha, chungwa.
Chungwa mpaka kwenye jiwe jeupe la mpaka,
chungwa hadi macho yanawasha.
Wanasema: Mungu ana bustani Namakwalandi.
Mimi huigeuza mikate, nikanyamaza.

Ni baba yangu, Josop Klaase,
mwaka ule alipokopa mbegu za ngano, magunia manne,
na punda wa pili kwa mjomba Abram,
akalima kutoka kichaka cha mwisho mpaka jiwe lile,
akang'oa kila chenye mzizi,
akasimama kungoja mvua
mikono nyuma, kofia kifuani.

Mei haikuja.
Juni haikuja.
Julai tuliisikia kwa mbali
ikiinyeshea bahari, isiyo na kiu.
Ngano ilitoa kidole, ikapima hewa, ikakirudisha.
Punda wa mjomba alirudishwa mbavu zikihesabika.
Baba akashuka mgodini kuchimba shaba,
akawa anarudi mwisho wa mwezi
na sukari, na sabuni, na kikohozi.

Gousblom hupenda palipochokozwa.
Palipo na vichaka vyake vya asili halipati nafasi,
lakini mchanga uliovuliwa nguo na jembe
huliita bila kufungua kinywa.
Lilikuja mwaka wa tatu, lenyewe,
mfereji kwa mfereji, kufuata mistari ya baba.
Mama aliamka, akaliona, akavuta pazia.

Basi mnapolala kifudifudi, wageni wangu,
jicho moja limefumbwa,
mnapiga picha deni.
Sijawahi kuwaambia. Mkate ungedoda.

Oktoba, mabasi yakishakwisha,
hukaa chini nikavunja kichwa kimoja kikavu kiganjani.
Kina mbegu za namna mbili, tumbo moja.
Za katikati ni bapa, zina mbawa
nyembamba kuliko karatasi ya sigara;
upepo ukiita, zishaondoka.
Za pembeni ni ngumu, zina chunjua, hazina mbawa.
Huanguka papo hapo miguuni mwa mama.
Mvua ya kwanza ikibisha hodi, haziitiki.
Ya pili ikibisha, haziitiki.
Zinaijua mvua ya Mei.

Kaka yangu Frikkie anauza matairi Keptauni,
hupiga simu Krismasi.
Mimi sisemi kitu. Chunjua ninazo, mbili, kwenye kidole gumba.

Mwaka jana baba aliomba nimlete.
Miaka thelathini na kitu hakuwa amekanyaga hapa.
Nilimketisha kwenye kreti, blanketi magotini,
jua mgongoni mwake, kama mgeni yeyote.
Alitazama chungwa lote lile
jinsi mtu anavyotazama harusi ya jirani.

Kiwingu kikaja. Maua yakafumba,
safu kwa safu, mpaka jiwe jeupe,
ukabaki mchanga na ukijivu wa majani.

Baba akainua kidevu.
"Hivyo," akasema. "Sasa nimelitambua."

Jua lilipofunguka aliniomba mkate,
nao wa moto haswa, si ule wa pembeni.
Akatoa pochi, akahesabu sarafu,
akalipa bei ya wageni.