Jina Mgongoni

Magodoro mawili ya inchi nne,
turubai la lori lililozeeka,
uzi wa kushonea viatu:
hayo ndiyo mabega ya timu nzima.
Nimeyashona mimi, hapa Ediofe,
kwa cherehani aliyoniachia mama.

Kocha ni kaka yangu, Onzima.
Utotoni akisimama mlangoni
nyumba iliingia giza, tukawasha taa.
Alikwenda Amerika kwa mpira wa kikapu;
huko wakamtazama mara moja tu,
wakamkabidhi ule wa yai.

Misimu saba alicheza kwa malipo
katika mji ambao ziwa lake huganda.
Sisi tulikesha kwa Drasiku kinyozi, mwenye dishi,
saa tisa za usiku, blanketi mabegani,
tukiufuata mpira kwa macho
na kila mara kumkosa.
"Yeye iko wapi?" baba akauliza.
Koplo mstaafu, Kiswahili chake cha kambini
hakikuwa na mto wala shuka:
"Wewe ilienda Amerika kusukumana tu?"

Simu ikikatikakatika, akajibu:
Mzee, kazi yangu ni kusimama.
Nyuma yangu kuna mtu ana mpira.
Asiguswe. Basi.

Misimu saba, hakufunga hata mara moja.
Mpira aliushika siku ulipodondoka,
akaulalia kama kuku,
na watu tisa wakamlalia yeye.
Ndiyo video pekee tuliyo nayo.

Goti la kulia likapasuliwa, likapasuliwa tena.
Kazi ikaisha siku ya Jumanne;
aliyemwarifu alimwita kwa namba,
sitini na tatu.

Akarudi na masanduku matatu,
moja la nguo, mawili ya mipira.
Watu walingoja jumba la ghorofa.
Yeye akaomba uwanja nyuma ya shule ya msingi,
akachora mistari kwa majivu ya jikoni kwangu.

Vijana wakaja: wa bodaboda, wa machinjioni,
wawili kutoka kambi ya wakimbizi.
Wote walitaka kukimbia na mpira.
Akampa Feni, mdogo kuliko wote, kikombe cha chai,
akasimamisha wanne mbele yake,
akawaachia sita waje kwa nguvu zao zote.
Chai isimwagike.
Wiki tatu ilimwagika.
Wiki ya nne Feni akainywa, na sukari akadai.

Mwezi wa Mei akaniletea orodha.
Dada, shona majina mgongoni. Makubwa, meupe.
Nikamtania: mnataka kuwa wa televisheni!
Hakucheka.

Nilielewa siku walipowashinda Koboko.
Kijana alimkimbilia, mikono wazi,
na kaka yangu akamshika bega, akamgeuza taratibu,
kama fundi anayekagua mshono,
akasoma,
kisha akamkumbatia kwa jina lake.

Vichwa vilivyogongwa kule vimeanza kudai.
Daktari wa Kuluva alitaja neno refu, nikaliacha palepale.
Sufuria ya enyasa huungua, yeye kakaa kando yake.
Kwenda mtoni Enyau anakwenda mwenyewe;
kuja kwangu, nyumba ya nne, huuliza.
Lakini mpe kipande cha mkaa na ukuta:
atakuonyesha mguu wa nani ulichelewa,
mechi gani, dakika ya ngapi, tope lilikuwa upande upi.
Miguu anaikumbuka.
Nyuso ndizo zinazomtoka.

Jumamosi nilibakiwa na kitambaa.
Nikakata herufi saba, Ayikoru,
nikazishona kwenye kifua cha aproni yangu,
nyeupe juu ya nyeupe,
usione mpaka ujue pa kutazama.

Uzi mweusi ninao.
Umo kwenye droo, chini ya mkasi.
Sijautunga.