Kulabu ya Ukuta wa Kaskazini

Ishbel Geddes anapitia mlango wa jikoni,
maana mlango mkubwa umevimba kwa mvua tangu Oktoba.
Anafagia. Harusi ni Jumamosi.
Juu kidogo ya kichwa chake imechomoza kulabu ya chuma
ambayo hakuna fundi aliyeweza kuing'oa.

Ngome ilipokuwa ngome, ilibeba ngao.
Usiku mmoja, wasemavyo, ilibeba kichwa
cha jirani mwizi wa ng'ombe.
"Ng'ombe walikuwa wake," husema Ishbel.
"Wezi tulikuwa sisi."

Wakaja askari wa makoti mekundu,
mnyororo ukafungwa papo hapo.
Jiweni kuna mikwaruzo thelathini na saba,
kisha hakuna tena.
Labda waliyemfunga walimwachia. Labda alichoka kuhesabu.

Paa likaanguka, kondoo wakaingia bila hodi.
Hao ndio waliokaa kuliko wote,
karne nzima na ushei, pasipo hati wala kodi,
na mchungaji akizalisha usiku wa theluji
alitundika taa yake hapo
akakunja mikono ya shati.

Tajiri wa kitani kutoka Dundee
aliinunua kwa bei ya farasi wawili,
akajenga minara miwili isiyolinda kitu,
akatundika kulungu mwenye macho ya kioo.
Mke wake aliogopa yale macho. Alilala Dundee.

Kisha vita, na vitanda arobaini ukumbini.
Williamina, bibi yake Ishbel, miaka kumi na tisa,
akamshusha kulungu, akatundika chupa ya dawa,
tone, tone, kwa kijana wa Paisley
aliyeomba dirisha lifunguliwe asikie mto.
Lilikuwa limegandishwa na rangi.
Alilivunja kwa kiatu.
Alikatwa mshahara wa wiki mbili,
na hadi uzeeni hakusema kama kijana alisikia.

Shule ya wasichana ilidumu miaka kumi na minane tu.
Ishbel alikuwa namba sita: koti la kijivu,
kola yenye harufu ya mbwa.

Sasa wenye kampuni wanataka maua hapo,
meupe, wameandika, yasiyonukia.
Ishbel anaisoma karatasi mara mbili, anaikunja.
Nje mvua imegeuka ya mshazari.
Anavua koti, analitundika,
na maji yanaanza kudondoka
sakafuni, pale pale alipofagia.